Karatasi ya Muuza Maji

Jumatatu, 5 Juni

Kuna karatasi imebandikwa nje ya kibanda cha kinyozi. Bwana mmoja anawauzia wagonjwa wa saratani "maji ya oksijeni". Mistari tisa, makosa kumi na manne. "Seli za saratani wanakufa wakipata hewa." Wanakufa! Tangu lini seli zikawa watu? "Uvimbe hii." "Inayo patikana" — neno moja kalikata vipande kama muwa. Nimeibandua, nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nimemrudishia mwenyewe mkononi. Akasema, "Shikamoo mwalimu, ubarikiwe." Kichwa kitupu, ila adabu anayo. Sikumuuliza kama maji hayo yanaponya. Kazi yangu ni lugha.

Alhamisi, 8 Juni

Ameichapisha upya. Kila sahihisho limo, hata nukta mkato. Sasa inasomeka kuliko ile aliyopewa mdogo wangu hospitalini, yenye "tafadhari" mara tatu. Daktari mzima!

Mdogo wangu, dada yangu wa tumbo moja, ana uvimbe kwenye ini. Dripu ya pili ya dawa ni Jumanne.

Jumanne, 13 Juni

Hakwenda.

Bintiye alikuja kumchukua saa mbili asubuhi, akamkuta jikoni na chupa sita za yule bwana. Nami nikaitwa. Mdogo wangu anasema dripu ilimtapisha siku nne, maji hayamtapishi. Tena hospitali wanaandika kama watoto wa darasa la pili. Huyu wa maji ni mtu aliyesoma, karatasi yenyewe inajieleza.

Mpwa wangu akaniuliza, Mjomba, mbona leo kimya, wewe unayesahihisha hata salamu?

Alhamisi, 15 Juni

Nimemfuata mpwa wangu maabara anakofanya kazi. Kuna kabati la chuma ambamo seli za saratani hulelewa kwa hewa haba. Nikamuuliza: zikipata hewa hufa?

"Nani kakwambia? Hawa hata wakiikosa hawafi."

Hizi, nikamwambia. Zikiikosa. Hazifi.

"Haya Mjomba, hizi." Akaendelea. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa ya damu, kwa hiyo katikati hewa haifiki. Seli ya kawaida ingekufa. Hizi hubadili upishi: huunguza sukari bila hewa. Nguvu zinazopatikana ni kidogo, basi hula sukari maradufu, kama mlafi msibani. Asidi inayobaki huwatemea majirani. Kisha huita mishipa mipya ije kuzilisha. Na hizo za katikati ndizo sugu. Dawa huzifikia kwa shida, na kila siku inayopita zinaongezeka.

Na maji?

"Hewa yake inaishia kwenye mbweu."

Sikucheka. Akasema daktari amekubali kumpokea mama yake Jumatatu. Akikosa na hiyo, daktari hajui kama dawa hii itafaa tena. "Anakusikiliza wewe tu, Mjomba."

Binti ana akili. Upatanisho wa kisarufi hana kabisa, lakini ana akili.

Jumamosi, 17 Juni

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Nikaanza nilivyozoea: muuza maji ni mbumbumbu, hajui kuandika hata jina lake. Akaivaa miwani, akaisoma karatasi yote kwa sauti, taratibu, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa na miaka saba.

"Kosa liko wapi, Kaka?"

Nilitafuta. Hakuna kosa.

Basi nikamwambia. Kiswahili hicho si chake, ni changu. Niliona makosa nikayaondoa; uongo nikauacha, kwa kuwa haukunihusu. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

Machozi yalimlenga. Akanishika mkono.

"Kumbe ni wewe. Na mimi nimekuwa na wasiwasi na maji haya wiki nzima."

Nikasema hakunielewa: nilisahihisha maneno, si dawa. Akasema siku zote mimi hujishusha, na tangu utotoni hajaniona nikiacha kosa lipite.

Nikarudia. Nikatumia sentensi fupi. Akaitikia kwa kichwa, akafungua chupa nyingine, akaimimina kwenye bilauri mbili.