Mgomba wa Mulama

Jumatatu, 1 Novemba 1999

Baba mdogo Mukhwana amekata shauri. Jumamosi hii tunazika mgomba badala ya kaka yangu Mulama, huko nyumbani Bungoma. Alikuja kwetu hapa Makongeni jana baada ya kanisa, akala chapati zangu, kisha akasema polepole kama anasoma matangazo ya ibada. Miaka saba kimya kutoka Ujerumani — imetosha. Kimila mdogo wake, Nabiswa, hawezi kujenga kabla Mulama hajajenga, na mkewe Triza ni mjamzito. Mtoto azaliwe wapi?

Mama aliinamia ungo. Alikuwa anachambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua.

Na kwetu aliyezikwa amezikwa. Hata akitokea mwezi ujao na sanduku lake mkononi, haingii kwa mama. Atakuwa marehemu anayetembea, watoto watamkimbia. Je, kama yu hai?

Sitamwambia mtu ninachotaka kujaribu kazini. Mwaka jana mtu wa Majengo alisema amemwona kwenye televisheni. Ikawa uongo, mama akalala kitandani wiki nzima.

Jumanne, 2 Novemba

Tangu Kimanzi, fundi wetu wa kompyuta, aweke intaneti hapa ofisini, uchapaji umekuwa kazi ya pembeni. Vijana wanakuja kuangalia nywele za wanamuziki wa rap, halafu wanaenda kwa kinyozi wakiwa na picha. Leo mama mmoja wa mtaa wa Lucky Summer alitaka dawa ya kuku. Alisimama nyuma yangu akisema, mwanzie na salamu kwanza. Basi nikaandika: Habari za asubuhi, naomba kujua. Ikatuletea hoteli za Mombasa.

Nilicheka. Lakini alipoondoka nikakaa palepale, nikaandika jina la kaka yangu lote kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo: Cornelius Mulama Wabwire. Ikaniletea daktari wa meno wa Kampala. Nikageuza majina, nikapunguza moja. Daktari yuleyule. Mashine hii inajua mpaka chakula cha mbwa wa mchezaji mpira wa Brazil, lakini mtoto wa Makongeni haimjui!

Kimanzi alikuwa ananiangalia. "Madam, unamsaka na jina la kanisa," akasema. "Huko majuu nani anamjua hivyo? Kwa steji alikuwa anajiita aje?"

Nilijiona mjinga. Docta Reli. Jogoo Road nzima ilimjua hivyo alipokuwa akipiga gita ukumbini. Ila nyumbani halikutamkwa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa treni, na alisema hakuzaa daktari wa baa. Tulizoea kulikwepa mpaka likanitoka kichwani.

Nikaliandika. Kabla sijabonyeza, stima ikapotea. Mgao wa umeme. Mpaka kesho.

Jumatano, 3 Novemba

Jibu moja tu. Moja! Tamasha la muziki, mji mdogo huko Ujerumani, Agosti ya mwaka huu. Docta Reli na bendi. Chini yake picha.

Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kipande kwa kipande. Mbingu. Kofia. Paji la uso. Nyuma yangu watu wamepanga foleni, mmoja akaniuliza kama nitaingoja mpaka mwaka 2000, na wanasema huo mwaka ukiingia kompyuta zote zinakufa. Sikumjibu. Laini ikakatika kwenye nyusi. Nikaanza upya, ikakatika tena palepale.

Mara ya tatu ikashuka mpaka mikononi. Gita limeshikwa kwa mkono wa kushoto na nyuzi hazijageuzwa. Ni yeye. Baba alimchapa miaka mingapi kwa huo mkono! Amenenepa, anacheka.

Nilienda chooni nikalia. Halafu nikarudi nikawaandikia wenye tamasha kwa Kiingereza changu cha ofisini: tafadhali mwambieni familia yake inamzika Jumamosi. Ajibu haraka. Ni mimi, Nakhumicha.

Alhamisi, 4 Novemba

Hakuna kitu. Nimefungua hiyo barua pepe mpaka Kimanzi akaniambia nitaichubua.

Jioni nilimwomba Nabiswa tusogeze mbele, wiki moja tu. Akanitazama kama nimemtukana. "Siste, mimi nimechoka kungoja huyo msee. Kama ako hai, ameshindwa hata kupiga simu?" Ulimi uliwasha, nikauzuia. Picha si sauti, na mwaka jana nilijifunza.

Mama amepiga pasi suruali ya Mulama ya kijivu. Ndiyo watauvisha mgomba. Alirudia mkunjo wa mbele mpaka makaa yakapoa.

Ijumaa, 5 Novemba

Amejibu. Yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.

Ana mke huko na watoto wawili. Makaratasi yake yana jina lingine na nchi nyingine — aliwaambia wakuu wa huko amekimbia vita, na wakijua ukweli watamrudisha na watoto watabaki. Kwa hiyo hapigi simu. Anasema nisimsalimie mtu. Anasema waacheni wazike, Nabiswa ajenge. Mama asijue.

Basi. Mistari michache, mtu mzima ameaga dunia kwa barua pepe. Nikamjibu: Mama amepiga pasi suruali yako. Halafu nikaifuta barua yake. Kimanzi akaniambia kwa upole haijafutika, imeingia tu kwenye kopo la taka la kompyuta. Nikamwambia huko ndiko mahali pake.

Nimchukie? Watoto wawili. Hata majina yao hakuniambia.

Wengine kesho watazika mgomba tu. Mimi ndiye nitakayemzika Mulama.

Jumamosi, 6 Novemba. Bungoma

Naandikia jikoni kwa mama. Mgomba wameukata nyuma ya nyumba, wakampima Nabiswa ili urefu ulingane, maana yeye na Mulama walikuwa kimo kimoja. Umevishwa suruali, umefunikwa blanketi. Uko kando ya shimo. Shangazi wanalia vizuri kabisa.

Mama hajalia. Ameingia hapa, akafunga mlango, akasema amekuwa akiniangalia tangu Jumatano. Nilikuja nyumbani na macho mekundu, na tangu siku hiyo sijauliza habari za mazishi wala sijalia. Mimi, niliyebebwa mgongoni na Mulama. Nikapangusa macho, nikasema ni moshi wa kuni. Akasema moto haujawashwa.

Kisha akaniuliza, taratibu, kama aulizavyo chumvi imetosha: "Nikitupa huo udongo, Nakhumicha, namtupia maiti?"

Nikadai namalizia kuandika kitu. Akasema andika, nakungoja.

Baba mdogo ameita, mama mzazi ndiye wa kwanza kutupa udongo. Ameita tena. Mama ameegemea mlango, mikono kifuani, haendi. Nabiswa naye sasa anagonga.

Ananitazama kalamu. Bado naandika