Ile Picha ya Viti Vitatu

Pasiansi,
Mwanza.
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Ujerumani haijakutesa magoti kama mwaka jana. Wazee unaowahudumia wanaendeleaje? Yule bibi aliyekuwa anakuita kwa jina la binti yake bado yupo? Sisi huku ni wazima. Mvua zimenyesha vizuri, ziwa limejaa hadi limemeza yale mawe tuliyokuwa tunaanikia nguo, na kifua cha Mama kimepona kabisa.

Mimi nilimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita. Wakati nasubiri matokeo namsaidia Mama kwenye kibanda chake cha cherehani kule Kirumba. Kupima na kukata najua. Kuongea na wateja bado kunanishinda.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu sina, na kila kinachoingia kwenye simu ya Baba husomwa na kundi zima la ukoo. Barua hii ataibeba Sista Odeta wa parokiani, anayesafiri kuja huko Jumatatu. Nimemwomba asimwonyeshe mtu yeyote. Leo niko peke yangu nyumbani, na nina hasira, Shangazi. Nisamehe mwandiko.

Nianze na lililo zito. Ile picha uliyotumiwa mwezi Oktoba, wadogo zangu Kulwa, Doto na Shija wamekaa kwenye vile viti vitatu vya watoto ulivyotuma, ndani ya gari, wamefungwa mikanda, wanacheka, ilikuwa ya uongo. Viti havikufungwa popote. Viliwekwa tu pale nyuma, cha Shija kimekalia nusu ya cha Kulwa, na mimi nilikuwa nimechuchumaa nje ya mlango wa upande wa pili nikikizuia kwa mkono kisianguke. Ukiitazama vizuri utaviona vidole vyangu. Baba akaandika kwenye kundi, "Nimevifunga mwenyewe, ahsante sana dada." Dakika tano baadaye viti vyote vilishushwa, na havikuingia tena kwenye gari.

Nakumbuka mwezi Agosti ulivyopewa habari za Shija. Aliruka kutoka mapajani mwa Mama pale Kisesa, Baba alipofunga breki asimgonge mbuzi, akavunjika meno mawili na mdomo ukashonwa. Ulilia kwenye simu. Nilikusikia. Viti vile ulivituma kwa ajili ya mdomo ule, kwa hiyo una haki ya kujua vilikokwenda.

Cha kwanza kiliwekwa sebuleni. Mama alikiacha na nailoni yake, akakitandika kitambaa cha kufuma, na kila mgeni anaonyeshwa kwamba kile kimetoka Ujerumani. Watoto wakikisogelea wanafukuzwa wasije wakakichafua. Wenye kiti! Cha pili kilipelekwa Kirumba, wateja wanawekea mikoba. Cha tatu alikichukua Baba mkubwa Maige. Alikibeba begani mpaka kwenye saluni yake ya kunyolea kule Nyegezi, akakifunga kwa kamba juu ya kiti cha wateja, na watoto wa watu wanapandishwa humo wanyolewe. Kiti cha Doto kilijaa nywele za watoto ambao hata hatuwajui.

Sikusema kitu. Unanijua nilivyo. Lakini Bibi alipotangaza misa ya shukrani kwa kutimiza miaka themanini, ikaamuliwa kwamba tutakwenda kwake Nassa kwa gari, barabara ileile ya Kisesa na Magu, mwendo wa saa mbili, sikuweza tena kumtazama Shija akicheka. Nilikuwa naona pengo tu.

Nikachukua tepu ya Mama nikaenda kupima gari. Kiti cha nyuma cha IST yetu, kutoka mlango hadi mlango, ni inchi hamsini. Viti vyako, kila kimoja kwenye mabega yake, ni inchi kumi na saba na nusu. Vikipangwa vitatu inakuwa hamsini na mbili na nusu. Shangazi, ni inchi mbili na nusu tu ndizo zilizowafanya watu wazima watatu waseme haiwezekani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepima.

Mkanda wa katikati ulikuwa umezama chini kwa sababu tangu gari linunuliwe hakuna aliyewahi kuufunga. Niliuchimbua kwa vidole. Nilitoa maganda ya karanga, dagaa mmoja mkavu, na kalamu yangu ya darasa la saba.

Kiti cha sebuleni na cha Kirumba nilivipata bila shida, maana Mama alinitazama tu akaendelea kushona. Cha Nyegezi ndicho kilichonitia dhambini. Nilimkuta Baba mkubwa akimnyoa mtu ndevu.

"Suzana! Leo umeota ulimi? Sema nikusikie."

Nikasema kwamba kiti kinahitajika nyumbani.

"Kinahitajika na nani? Hiki ndicho kimeniletea wateja, binti. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akiona mashine, siku hizi anakataa kushuka."

Yule mteja akacheka, kidevu kimenyolewa nusu. Hapo nikasema uongo. Nilisema, "Shangazi Wilhelmina anataka picha nyingine."

Mashine ilizimwa palepale. "Dada mkubwa? Sasa mbona hukuanza na hilo?" Alikifungua mwenyewe na kukipangusa nywele kwa brashi ya ndevu, kisha akanibebea mpaka barabarani. Samahani sana, Shangazi. Nilitumia jina lako bila ruhusa. Lakini iliniuma pia kuona kwamba mdomo wa Shija haukutosha kukitoa kiti pale, ila picha ilitosha.

Nilihangaika navyo siku mbili. Nikipanga hivi, mlango haufungi. Nikipanga vile, kifungio cha mkanda kinafunikwa. Kile kitabu cha maelezo ni cha Kijerumani, nikawa nasoma michoro. Ufumbuzi niliupata Mwaloni, sokoni kwa samaki. Mama alinituma kumpelekea gauni jirani yetu Adongo, mama yake Collins, nikamkuta akipanga sangara wa kubanika kwenye tenga. Anaweka mmoja kichwa huku, anayefuata kichwa kule. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukipanga vichwa vyote upande mmoja, mwanangu, tenga linajaa kabla samaki hawajaisha. Pana hukaa na nyembamba."

Nusura nisahau kumpa gauni lake. Viti navyo ni vipana kichwani na vyembamba miguuni! Nilirudi nikaweka cha Kulwa na cha Doto pembeni, vinatazama mbele, na cha Shija katikati, kinatazama nyuma, kama mchoro wa mtoto mdogo unavyoonyesha. Kichwa chake kikaenda kwenye viti vya mbele, miguu yake ikaingia katikati ya mapacha. Nilivua nailoni zote, maana mkanda ulikuwa unateleza juu yake. Kila kiti nilikikandamiza kwa goti huku navuta mkanda mpaka viganja vikachubuka. Kisha nikavitikisa. Vilitulia kama vimezaliwa na gari. Na milango ikafungwa yote miwili.

Nilijua mimi nitakosa nafasi. Nilikuwa nimeshakubaliana na Mama kwamba yeye akae mbele na Baba, mimi na Baba mkubwa tupande basi la asubuhi pale stendi ya Nyamhongolo. Nilishona hata sketi yangu ya kuvaa kwa Bibi.

Leo asubuhi Baba mkubwa alikuja na suti yake ya kijivu. Alifungua mlango wa mbele kama kawaida yake, akachungulia nyuma, akasimama.

"Luhende, hii nini? Mkeo atakaa wapi?"

Sikiliza hapo. Alimfanya Mama kisingizio, wakati kiti cha mbele alichotaka kukikalia yeye ndicho kilichokuwa cha Mama.

"Tangu lini mtoto wa juzi akawa na kiti chake na mtu mzima akakosa pa kukaa? Tulipakatwa sisi, hatukufa. Na huyu Shija mbona kageuzwa? Anakwenda kumsalimia bibi yake kwa kumpa kisogo? Toa kimoja hapo, twende."

Majirani waliokuwa kwenye uzio wakacheka. Mama alikuwa ameshika mkoba wake, anatazama chini. Na Baba, Shangazi, Baba aliyekuandikia kwamba amevifunga mwenyewe, akainama kuufungua mkanda, na hakujua hata pa kuanzia.

Ndipo nikasikia sauti yangu. "Baba, unatoa cha nani? Cha Kulwa au cha Doto?"

Hakuna haja nikueleze wewe. Kwetu alichopewa Kulwa sharti Doto naye apewe, hata ikiwa ni nusu ya kiazi. Bibi angemwona mmoja amefika kwenye kiti na mwenzake amefika mapajani, angeuliza kabla hajaitikia shikamoo ya mtu. Mkono wa Baba ukabaki pale kwenye mkanda.

"Basi toa cha Shija," Baba mkubwa akasema.

Shija alipolisikia jina lake akacheka, na pengo likaonekana. Baba akautoa mkono, akafunga mlango taratibu.

"Kaka, mabasi bado yapo Nyamhongolo."

"Mimi? Niende kwa mama yangu kwa basi, gari la mdogo wangu limejaa viti vya plastiki?"

"Nitakukuta Nassa, kaka."

Unaweza kudhani niliimba. Hapana. Baba mkubwa alinyoosha kidole akasema kwamba hasafiri na mtoto anayejibishana na wakubwa, na mwenye mdomo mrefu abaki alinde nyumba. Na Baba akakubali! Alikubali ili ampoze kaka yake, na mimi ndiye niliyekuwa maji ya kumpozea. Miaka minne walimu waliandika kwenye ripoti yangu, "Ni mkimya mno, ajitahidi kuongea." Nimeongea mara moja, sentensi moja, tena kwa heshima, nami nimeachwa nyumbani siku ambayo Bibi anatimiza miaka themanini. Sketi imening'inia hapa mlangoni naitazama.

Mchana huu Adongo alikuja mbio na simu yake mkononi, Mama alikuwa anapiga. Wamefika salama. Kabla ya Magu ng'ombe waliingia barabarani ghafla, Baba akafunga breki mpaka mkoba wa Mama ukaruka kwenye kioo. Mama aligeuka akipiga kelele, akitazamia damu. Wote watatu walikuwa palepale. Kulwa akasema, "Baba, tena!" na Doto naye akadai apewe yake. Baba alisimamisha gari pembeni, akageuka akawatazama, kisha wakaendelea.

Walipofika, Bibi aliletwa na fimbo yake hadi kwenye gari. Alilizunguka lote, akaingiza mkono akavuta mkanda mmoja mmoja, akauliza nani kavifunga. Baba mkubwa alikuwa ameshateremka kwenye basi, amesimama hapohapo. Baba alikohoa, kisha akasema mbele ya watu wote, "Ni Suzana." Bibi akasema, "Mleteni hapa nimbariki." Mama anasema hakuna aliyemwambia kwamba nimeachwa.

Nililia, Shangazi. Lakini sikulia kwa furaha peke yake. Kwa sababu Mama alimalizia kwa sauti ya chini kwamba Baba mkubwa ameshakumbusha kuwa wakirudi kiti cha Doto kinarejea Nyegezi, maana picha uliyoitaka itakuwa imepigwa. Uongo wangu umenirudia. Na Baba nimjuavyo, kwa kaka yake atakubali tena. Cha Doto kikiondoka, cha Kulwa nacho kitaondolewa ili wawe sawa, na mwisho wake Shija atarudi mapajani.

Wewe ndiye mkubwa wao wote wawili. Ukisema, Baba mkubwa huzima mashine. Kwa hiyo tafadhali usitume kitu kingine chochote, wala nguo, wala viatu. Tuma neno. Mpigie Baba mkubwa, umwambie viti vile ni vya gari na ni vya watoto watatu, na kwamba picha hukuiomba, aliyesema hivyo ni mimi. Mara ya kwanza nililichukua jina lako. Sasa naliomba.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukusihi usinitaje. Nimebadili mawazo. Wakikuuliza nani kakueleza, waambie ni Suzana, na kwamba anataka kwenda kwa Bibi kuchukua baraka yake kabla mwaka haujaisha, hata kwa basi, hata akikaa kiti kimoja na Baba mkubwa mwenyewe.

Msalimie sana Mjomba Malimi na kaka Pius, mwambie kaka Pius kwamba Kulwa bado ana ile kofia yake. Adongo anakusalimu na anasema ukija usisahau Mwaloni. Mungu akutie nguvu kwenye magoti na katika kazi yako, na akurudishe kwetu Bibi angali anaweza kulizunguka gari kukupokea.

Wako akupendaye,
Suzana Luhende