Pacha wa Maktaba na Hadithi za Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya umepona? Sisi huku wazima. Mama naye mzima, ila amenuna kwa kuwa hujamtumia picha za mtoto.

Kazini wametuletea mambo. Mhandisi mmoja, tunamwita Mlingoti kwa urefu wake, ametengeneza maktaba yetu nzima ndani ya kompyuta. Anaiita pacha wa kidijitali. Rafu, meza, milango, vyote vimo, na kila anayepita mlangoni huhesabiwa na kifaa, akaonekana kule kama nukta. Kabla hatujahamisha hata kiti, tunajaribu kwanza kwa pacha. Nilimcheka, lakini alipohamisha meza ya kurudishia vitabu, foleni iliisha. Nikanywea.

Basi pacha huyohuyo akatuletea balaa. Alionyesha kuwa chumba cha watoto ni kitupu, na Jumamosi asubuhi kina nukta moja tu. Nukta hiyo ni Mama, akisoma hadithi zake. Mkuu wetu akaamua chumba kigeuzwe stoo. Niliumia sana. Unajua tangu Baba afariki, hadithi hizo ndizo zinazomtoa Mama kitandani. Nikasema watoto hujaa mle. Wakaona namtetea mama yangu tu.

Nikambembeleza Mlingoti aje kujionea. Alikuta watoto wamejaa hadi chini ya meza, wazazi wao wamebaki mapokezini. Akarudi mlangoni, akakitazama kifaa, akashika kichwa. Alikuwa amekifunga usawa wa kifua chake mwenyewe, na watoto wote walikuwa wanapita chini yake!

Amekishusha. Sasa pacha anaonyesha chumba kimefurika, na Mkuu amempa Mama ukumbi mkubwa.

Nilipomsimulia Mama, nilitegemea acheke. Badala yake akasema, "Kompyuta yenu haikukosea sana. Zile Jumamosi za mwanzo, hata mimi nilijiona niko peke yangu mle ndani." Nililia palepale. Yeye akanifukuza jikoni, eti ana hadithi mpya ya kufanyia mazoezi.

Msalimie wifi yangu, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Shangazi na mume wangu wanawasalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake. Mpigie Mama simu, ila usipige Jumamosi asubuhi. Hapatikani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipoandika,
Dada Mkubwa