Niliwaahidi Wageni Kipigo Ukingoni Irente

Bi Zuhura, shikamoo. Naandika uninusuru kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kikundi chetu cha waongoza wageni hapa Lushoto kinakaa kuamua kama nivuliwe beji, na mimi bila beji nimebaki na mke na shamba la kabichi lisilotosha kulisha sungura. Ilikuwa hivi, nilimpeleka Irente mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe, watu wa miaka sabini hivi, wakasimama ukingoni mwa jabali wanashangaa bonde, nami kwa roho safi nikataka niwapige picha, halafu niwatupe Mombo kwa gari la shemeji yangu wapate basi, basi nikawaambia, "Stand there, I beat you, after I throw you Mombo," huku nanyoosha kidole kule chini, na nikidhani hawakuelewa nikawasogelea nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Yule mama alipiga yowe akatimua mbio, mumewe nyuma yake, mpaka Lushoto mjini kwa miguu, na mimi nyuma yao naita, "Don't fear, I beat everybody!" Sasa wako gesti wanasubiri kikao, na Anord, mwenyekiti wetu, anasema nimetishia kuua. Mimi naona kosa ni lao, Kiingereza si lugha ya Wajerumani. Nifanyeje?

Sefania, Lushoto

Marahaba, Sefania. Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani, kisha nikakasirika. Kosa lao? Mwanangu, hao wamekuelewa vizuri mno! Kwetu simu tunapiga, pasi tunapiga, mswaki tunapiga, soga tunapiga, na hakuna anayeumia. Kwa Kiingereza kila kazi ina kitenzi chake, na "beat" uliyowaambia ni ile ya fimbo. "Throw" nayo ni kutupa hasa, kama unavyotupa karoti iliyooza. Ipo "drop", wanaisema kwa abiria, lakini maana yake nyingine ni kudondosha, kwa hiyo pale ukingoni usiiguse kabisa. Shika "take" tu: I take your picture, I take you to Mombo. Hiyo inakutosha mwaka mzima.

Kwenye kikao usijifanye wakili. Sema ulichosema, neno kwa neno, kisha ulichotaka kusema. Nusu yao watainama kuficha kicheko, maana nao husema hivyo hivyo. Omba beji ikae kwa Anord mwezi mmoja, wewe utembee na mwenzako mwenye Kiingereza, unasikiliza tu.

Lakini kuna kilichoniuma. Umelilia beji, umelilia kabichi. Yule mama alikimbia njia nzima akiamini anakwenda kuuawa, na hujaandika hata mstari mmoja wa kumhurumia. Hilo si suala la kamusi, hilo ni utu. Nenda gesti leo hii, mkeo atangulie mlangoni asije mama wa watu akazimia. "Sorry" unaijua. Iseme, kisha funga mdomo kabla kitenzi kingine hakijatoka.