Mahindi Mekundu

Jumamosi, 7 Desemba 1974
Nimefika nyumbani. Shule imefungwa mapema, Korogwe nako chakula kimekwisha. Basi hadi Handeni, halafu kwa miguu. Kijiji hiki kipya sijakizoea — nyumba zimepangwa kama madawati, mashamba yetu ya zamani yamebaki kule tulikotolewa.

Mama amekonda! Nilipomwamkia alinishika uso tu. Mdogo wangu Mwaija ana miguu kama vijiti. Jioni tumekula ndiga, viazi vya porini. Vina sumu. Mama huvikata vyembamba, huviloweka mtoni hadi sumu itoke.

Baba kauliza nasoma nini. Kemia, nikasema. Muhula huu tumejifunza kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Chumvi na mchanga: unatia maji, unachuja, unachemsha maji yaishe, chumvi inabaki. Akafurahi sana.

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Ngoma hakuna, nani ana nguvu?

Bwana shamba Simeo kaleta mbegu ya vuli — leo, na mvua yenyewe imegoma! Mahindi mekundu, yamepakwa dawa ya wadudu. Karudia tena na tena: ni ya kupanda, msile, ni sumu. Baba akamuuliza ayapande wapi, vumbini? Simeo akaendelea kugawa.

Ijumaa, 13 Desemba
Mama ametoka porini mikono mitupu. Ndiga za karibu zimechimbwa zote.

Jirani yetu Mama Hiza anakula mbegu yake tangu juzi. Ameiosha tu. Mzima kabisa, anacheka!

Mama kanikalisha chini. "Mashavu, ndiga ina sumu, tunaiosha, tunakula. Hii nayo?"

Nikasema hii si kama ndiga, Mama, dawa hii siijui. Huenda haiyeyuki kwenye maji. Huenda imeingia ndani ya punje.

"Umefundishwa kutenganisha. Tenganisha."

Mwaija alikuwa analamba kuta za chungu kitupu.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimejaribu. Maji ya kwanza mekundu kama damu. Nikayamwaga. Ya pili. Ya tatu nikatia majivu, nikasugua. Mwishowe maji yakatoka meupe, mahindi yakawa meupe. Mazuri!

Mwalimu Raheli alitufundisha: kitu kikiyeyuka hukioni tena, lakini kimo. Basi maji meupe yananiambia nini? Hayaniambii kitu.

Nikampa kuku punje kadhaa.

Jumapili, 15 Desemba
Kuku mzima. Mama hakuniuliza tena. Ametwanga. Aliposonga ugali harufu ilijaa nyumba nzima, nikalia.

Kasema atakula yeye kwanza, sisi tusubiri kesho. Baba hakukubali, akamega. Mwaija alikuwa ameshaingiza mkono.

Nami nimekula. Ugali mtamu, Mungu wangu.

Jumatano, 18 Desemba
Tunakula kila siku, kidogo kidogo. Mwaija anakimbia tena! Wanawake wawili wamekuja niwafundishe kuosha. Wananiita mwalimu. Nimewaonyesha, majivu na yote. Niliwaambia sina hakika. Nadhani hawakusikia. Au nilisema kwa sauti ndogo.

Jumapili, 22 Desemba
Mama Hiza kadondosha kikombe. Anasema vidole vimekufa ganzi. Mumewe anadai ni homa.

Nimemwambia Mama tuache. Kaangalia kilichobaki kikapuni. "Tuache tule nini?"

Sikula. Mwaija kala sehemu yangu. Nilimwona, nikanyamaza.

Jumanne, 24 Desemba
Mama Hiza haoni vizuri, anapapasa ukuta. Kuku amekufa.

Asubuhi Mwaija kasema midomo yake imelala. Mama alidhani anadeka. Halafu alisimama akayumba kama mlevi, akaanguka mlangoni. Baba ametoka mbio kwenda kwa Simeo, kumwomba Landrova itupeleke hospitali Handeni. Nimezunguka nyumba zile mbili kuwaambia waache, wamwage. Mmoja kaniuliza, si wewe uliyetufundisha?

Sasa niko mkekani, kichwa cha Mwaija mapajani pangu. Naandika kwa mkono mmoja, nisipoandika nitapiga kelele. Mama kachuchumaa mbele yangu. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu! Kauliza taratibu, "Na ikishaingia kwa mtu, inatolewaje?"

Darasani hatukufika huko. Lakini macho ya Mama yananiomba!

Nimesema maji. Anywe maji mengi. Sijui kwa nini nimesema maji.

Mama ameshachukua kata, anakimbilia mtungini.