Saa Aliyozaliwa Felicitas

Pune, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,
Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi imenikausha midomo. Mgongo wako je?

Kabla ya kukubali tuoane, mama yake Rohan anataka saa niliyozaliwa, kuhani wao wa Kihindu apige hesabu kama nyota zetu zinapatana. Nilicheka. Rohan, injinia mzima, hakucheka. Anasema mtu huja duniani na mzigo wa matendo ya maisha aliyoishi kabla. Nyota zinauonyesha tu, hazimfungi. Niambie, yaishe.

Mwanao, Feli

Tabata, 11 Februari

Marahaba Feli wangu. Mgongo ndio huo, tumezoeana. Hata huku watu wanasafishiwa nyota, ila sikujua kama na mainjinia wamo. Ulizaliwa saa kumi na moja alfajiri, adhana ikisikika. Mwambie Rohan mie nimeshampenda bila hesabu.

Mama

Pune, 20 Machi

Shikamoo Mama. Nimekaa kimya kwa sababu kila nikianza kuandika nalia. Kuhani kasema sayari yangu ya Mirihi imekaa vibaya: mume wangu atakufa mapema. Dawa yake, niolewe kwanza na mgomba, mkosi uuangukie, kisha ukatwe. Mimi, mwenye kipaimara, nivae shela mbele ya mgomba!

Nikamuuliza, mapacha je, hufa pamoja? Akasema dakika chache hubadili kila kitu. Na utabiri usipotimia? Basi saa ilikosewa. Hana pa kushikika. Rohan anasema haamini, ila tarehe ya harusi hataji. Nampenda, Mama. Waandikie kwamba ulikosea saa.

Feli

Tabata, 2 Aprili

Marahaba mwanangu. Nimewaandikia kwamba ulizaliwa saa kumi na mbili na nusu, jua limeshatoka. Mungu anisamehe. Olewa.

Mama

Pune, 9 Septemba, kwa ujumbe wa simu

Shikamoo Mama. Saa mpya waliikubali, na ndoa ina raha, kweli. Lakini Rohan ana homa tangu juzi, nami simwachi hata akioga. Nasimama mlangoni nisikie maji. Ile saa ya kwanza, Mama, sema hukuwa na hakika.

Feli

Tabata, 9 Septemba, kwa simu

Feli, salamu baadaye. Ilikuwa alfajiri, siongopi mara ya pili.

Baba yako Erasmus alipofariki, shangazi zako waliniita mla mume mbele ya jeneza. Mie nilizaliwa shambani, saa yangu haijui mtu. Hawakuhitaji nyota, walihitaji wa kumlaumu, na miaka mingi niliwaamini. Ilikuwa malaria. Ndugu zake walisema asubiri mganga, akasubiri.

Mpeleke Rohan akapimwe damu. Sasa hivi, kabla hujanijibu.

Mama yako