Picha Namba Saba

Jumatatu, 8 Julai
Hatimaye wameniamini hapa maabara! Nimepewa picha arobaini za seli za ubongo wa panya. Nahesabu vinundu vidogo kwenye matawi ya seli, pale seli moja inapopokea ujumbe wa nyingine. Nusu ya panya walifunzwa kutembea juu ya fimbo inayozunguka, nusu hawakufunzwa. Picha zina namba tu. Odile, mwanafunzi wa udaktari anayenisimamia, anasema sheria ni moja: anayehesabu hajui panya yupi ni yupi. "Macho huona yanachokitaka, mdogo wangu. Hata haya yangu."
Nimemaliza ishirini. Namba saba: vinundu kumi na vinne.

Jumatano, 10 Julai
Odile alinituma gundi kwenye droo yake. Orodha ya panya waliofunzwa ilikuwa juu kabisa! Sikutaka kusoma. Nilisoma. Saba, ishirini na sita, thelathini na moja — walifunzwa. Nikafunga droo kama imeniunguza. Nikampelekea gundi yake. Nimehesabu ishirini zilizobaki. Polepole, kwa haki — nadhani.

Alhamisi, 11 Julai
Siwezi kutulia. Odile kajumlisha: waliofunzwa wana vinundu vingi zaidi! Alicheza dansi, mkate wake wa bagel mkononi. Dkt. Szabo, mkuu wa maabara, kasema jina langu litakuwa kwenye bango la matokeo yetu, kwenye mkutano wa wanasayansi Toronto. Noémie Gagnon, miaka kumi na sita! Mama kawapigia simu shangazi wote kule Gaspé.
Walipoenda kula nikaihesabu upya namba saba. Kumi na saba. Nikarudia. Kumi na saba. Vile vitatu vimetoka wapi?

Ijumaa, 12 Julai
Bango linachapishwa saa tisa alasiri. Odile kaingia akiimba: "Profesa Noémie! Kahawa, au bado unanyonya?"
Nikamwambia. Niliona orodha. Jumatano, kabla ya ishirini za mwisho.
Alidhani natania. Kisha akaweka kikombe chini. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Hakuna.
"Ungenyamaza, nisingejua maisha yangu yote."
Lawama au shukrani? Sijui. Ameenda kumwita Dkt. Szabo. Nawasikia kwenye korido, wanaongea kwa sauti ya chini. Afadhali wangefoka!
Nimeifungua namba saba huku nasubiri. Nafuata tawi kwa ncha ya kalamu, kinundu baada ya kinundu, najilazimisha kuona kumi na vinne.
Kumi na saba.